Wazee wetu wa mtaa wanahifadhi historia, tuwape nguvu

Mhariri, salaam. Mimi ni mkaazi wa Kibokoni hapa Mji wa Kale, Mombasa, na nataka kusema kuhusu kile kikundi chetu cha mtaa, wazee kadhaa na vijana wa kupiga picha, ambao kila Jumapili huzunguka nyumba kwa nyumba wakiandika nani alijenga, nani alihamia, mlango ule wa nakshi ulitoka wapi. Watu huwacheka ati hawana kazi! Lakini ngome ya Fort Jesus ilijengwa 1593 hadi 1596 na ikaingia orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia 2011, hiyo ina walinzi na tiketi, sasa hizi nyumba za matumbawe na boriti za mikoko nani anazilinda? Mwaka jana jirani yangu alivunja roshani ya babu yake akaweka madirisha ya alumini, mimi mwenyewe nilimsaidia kubeba mbao (najuta mpaka leo). Wanachoomba si pesa nyingi, ni chumba kimoja tu cha kuweka picha na makaratasi maana saa hii yamo kwenye sanduku chini ya kitanda cha mzee mmoja, na mvua za masika zikija paa lake linavuja.

Mkaazi, Kibokoni