Waajiri wa Nakuru watupe nafasi ya kutunza meno kazini

Mhariri,

Mimi ni msimamizi wa zamu katika ghala moja la nafaka hapa Nakuru. Mwezi uliopita kijana mmoja wa zamu yangu alivumilia maumivu ya jino kwa siku tatu, huku akimeza dawa za kutuliza maumivu alizonunua dukani, kwa kuwa aliamini hakuna mkubwa ambaye angempa ruhusa kwa sababu ya jino. Siku ya nne shavu lilikuwa limefura, na jino ambalo huenda lingezibwa likang'olewa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili kazini angalau siku saba za ugonjwa kwa malipo kamili kila mwaka, mradi alete cheti cha daktari, nami sijaona mahali iliposema kwamba jino si ugonjwa.

Hata hivyo, waajiri wanaotaka kuhimiza usafi wa meno wasianze kwa kuwatazama watu vinywani. Wengi wetu tuliokulia Bonde la Ufa tuna meno ya rangi ya kahawia kwa sababu tulikunywa maji ya visima yenye madini mengi ya floraidi tukiwa wadogo, meno ya ukubwani yakiwa bado yanajijenga ndani ya ufizi. Rangi hiyo haiondoki kwa mswaki, hata mtu apige mara kumi kwa siku. Nimewahi kusikia mwombaji kazi akikataliwa kuketi mapokezi eti hana usafi, ilhali meno yake yalikuwa mazima kuliko ya aliyemkataa. Wala mtu asidhani kwamba kwa sababu hiyo dawa ya meno yenye floraidi haifai. Ikipakwa kwenye meno na kutemwa, huyakinga yasitoboke. Kilichotuharibu ni kuimeza majini miaka mingi.

Adui wetu kazini ni chai ya saa nne. Sisemi iondolewe, maana hata mimi siwezi kufika adhuhuri bila kikombe changu. Lakini sukari inapoingia kinywani, bakteria huigeuza kuwa asidi inayokula meno, na anayenywa chai tamu kidogo kidogo kutoka kwenye chupa yake tangu asubuhi hadi saa saba huyaumiza meno kuliko anayemaliza kikombe mara moja kisha akasukutua kwa maji. Dakika mbili za kusukutua hazitapunguza hata gunia moja katika kazi ya siku.

Tatizo ni kwamba maji yenyewe hayapo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini, nayo ya mwaka 2007, inamtaka mwajiri aweke maji safi ya kunywa na mahali pa kunawa, lakini katika maghala kadhaa niliyofanya kazi bomba lilikuwa moja, nje, karibu na choo, na hakuna mtu mwenye akili timamu angepigia mswaki hapo. Kwetu, baada ya kisa cha yule kijana, mwenye ghala alikubali kuweka sinki karibu na chumba cha chai, na baadhi ya wafanyakazi tayari huja na miswaki yao mifukoni. Tunachosubiri sasa ni tangi, kwa kuwa mfereji hukauka karibu kila Alhamisi.

Msimamizi wa zamu,
Nakuru