Kwa Mwalimu Elias, kuhusu bei ya ile HLX

Morogoro,
Jumapili jioni

Ndugu yangu Mwalimu Elias,

Salamu nyingi kutoka huku Morogoro. Sisi ni wazima, mama Zuhura anakusalimu, na ninatumaini kwamba Mpwapwa nako ni salama na shemeji ameshapona ule mguu. Ukimya wangu usikutie shaka, kwani nilikuwa nikizunguka kuulizia bei ya pikipiki, ile TVS HLX 125 unayotaka kumuuzia Hamisi. Barua yako na simu ya mdogo wangu Hamisi vilinifikia karibu wakati mmoja, na kila mmoja wenu alitaka nimwambie mwenzake kwamba amekosa adabu.

Wewe unasema umemtajia Hamisi shilingi 2,200,000 kwa heshima ya udugu, naye amekujibu 1,300,000 kama mtu anayenunua chuma chakavu. Yeye anadai kwamba umemtajia bei ya dukani kwa pikipiki ambayo imekwishakula vumbi lote la barabara ya Kibakwe. Nimekubali kuwaamua kwa sababu nikikataa mtakwenda kwa dalali, naye ataweka cha juu chake, atachukua kwako, atachukua kwake, kisha atawaachia ugomvi.

Niichukue kwanza hoja yako kubwa, kwamba ulinunua TVS HLX 125 mpya mwaka 2021 kwa 2,400,000 na kwamba kupunguza laki mbili kwa muda wote huo ni ukarimu. Mwalimu, fedha uliyoitoa mwaka 2021 haimhusu mnunuzi wa leo, awe mdogo wangu au mtu baki. Kinachomhusu ni kwamba akiingia dukani kesho asubuhi atapata mpya kwa kiasi gani. Hapa nina habari njema kwako, kwa sababu niliuliza katika maduka mawili ya hapa mjini na yote yalinitajia 2,850,000 taslimu, pamoja na usajili. Kwa hiyo hesabu yako ulipaswa kuianzia juu zaidi ya pale ulipoianzia, na Hamisi anayejifanya kusahau kwamba bei za mpya zimepanda nimemkumbusha kwa ukali unaostahili.

Tatizo ni yale yanayofuata baada ya kuanzia huko juu. Pikipiki hupoteza kipande kikubwa cha thamani yake siku inapotoka dukani, kabla hata tairi halijaonja kokoto. Dhamana ya muuzaji mara nyingi haiji kwa mnunuzi wa pili, kadi ya usajili inakuwa na jina la mtu mwingine, na mnunuzi wa pili analazimika kubeba shaka ambayo wa kwanza hakuwa nayo, yaani kwa nini mwenye chombo anakiuza. Shaka hiyo ina bei. Mimi naiweka laki nne kwa chombo cha aina hii, na kwa zile za Kichina ambazo spea zake husakwa kwa tochi ningeiweka juu zaidi. Hapo tumeshuka hadi 2,450,000, na bado hatujazungumzia uchakavu wenyewe.

Kuhusu uchakavu, najua wewe unayapenda majedwali, hivyo nikuonyeshe ni kwa nini majedwali hayatatusaidia. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inaweka magari madogo katika daraja linalopunguzwa asilimia 37.5 kila mwaka, na asilimia hiyo hukatwa kwenye kilichobaki, si kwenye bei ya mwanzo. Ukiipitisha 2,400,000 yako katika hesabu hiyo, mwaka wa kwanza inabaki 1,500,000, wa pili 937,500, na wa tatu haifiki hata laki sita. Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayekuuzia HLX nzima kwa laki sita, na akijitokeza, kimbia, kwa maana itakuwa ya wizi. Hesabu ile iliwekwa kwa ajili ya kodi. Ila umbo lake linafundisha kitu: kushuka ni kwa kasi mwanzoni, kisha mwendo unapungua, na chombo kinachopendwa na watu hufika mahali kikawa kama kimegoma kushuka zaidi, ilimradi kinawaka na kadi yake ni safi.

Na HLX inapendwa, hilo Hamisi hawezi kulipinga. Spea zake zinapatikana mpaka kwenye vibanda vya vijijini, kila fundi amekwishaifungua, na bodaboda wanaitaka kama wanavyoitaka Boxer. Ndiyo maana nilimkatalia pale alipoilinganisha na SanLG, pikipiki ya Kichina ambayo rafiki yake aliinunua kwa bei ya kutupa. Huwezi kupima bei ya ng'ombe wa maziwa kwa bei ya beberu, hata kama wote wamefungwa kwenye mnada mmoja.

Sasa tuje kwenye kilometa, ambako wewe una nguvu kuliko unavyojua. Umeniandikia kwamba spidomita inasoma 31,000. Kama namba hiyo ni ya kweli, ni kazi ndogo kwa umri wake, kwani bodaboda anayekwenda kilometa 100 kwa siku huifikisha kabla ya mwaka kwisha. Mnunuzi anayetazama herufi za namba ya usajili peke yake anajua tu ni lini chombo kiliingia barabarani, hajui kimefanya kazi kiasi gani. Lakini Hamisi naye ana haki ya kutokuiamini spidomita, maana waya wake ukikatika kilometa husimama huku pikipiki ikiendelea kwenda, na wako wanaoukata kwa makusudi. Nilimwambia asiangalie namba, aangalie mpira wa kukanyagia gia, pedali ya breki ya mguu, mipira ya usukani na tundu la ufunguo. Sehemu hizo hazijui kudanganya. Kama mpira wa gia umelika hadi chuma kinang'aa na spidomita inasema 31,000, basi kuna mmoja kati yao anayesema uongo.

Jambo ambalo naona umelipita haraka ni vumbi. Unasema pikipiki yako ni ya mwalimu, haijabeba abiria watatu wala magunia ya mkaa, na hilo ni kweli na lina thamani yake. Hata hivyo, njia yako ya kila siku ni ya makorongo na mchanga, na vumbi likipita kwenye chujio la hewa lisilosafishwa, ringi na silinda hulika bila mtu kusikia lolote. Nakuomba kitu kimoja: siku Hamisi atakapokuja, usiiwashe kabla hajafika. Aikute injini ya baridi, aiwashe mwenyewe, na asimame nyuma ya ekzosi. Moshi wa bluu unaoendelea kutoka maana yake inakula oili, na hapo mazungumzo yetu yote yatabadilika, kwa sababu kuchonga silinda na kubadilisha pistoni ni fedha ambayo lazima itoke kwenye bei yako. Muuzaji anayemkaribisha mnunuzi injini ikiwa tayari ina moto huonekana mkarimu, lakini mafundi wanamcheka.

Nimekuwa nikikata kati ya laki moja na nusu na laki mbili na nusu kwa kila mwaka wa matumizi, kufuatana na kazi. Kwa kazi yako ya darasani na barabara yako ya mashetani, jumla naiweka laki saba, na kutoka ile 2,450,000 tunafika 1,750,000 kwa chombo ambacho hakina deni la fundi. Lakini chako kinalo deni, kwa maelezo yako mwenyewe: cheni na sproketi zimekwisha, beringi za shingo zinagonga, na tairi la mbele limebaki upara. Kwa bei za huku, vitu hivyo pamoja na ufundi vinakaribia laki moja na ishirini, hivyo inabaki kama 1,630,000.

Hapa ndipo najua utaniandikia kwa hasira kwamba umeweka betri mpya na tairi jipya la nyuma mwezi uliopita, na kwamba nimevisahau. Sikuvisahau. Chombo kinachouzwa kizima kinatarajiwa kuwa na betri inayowasha na tairi linaloshika, kwa hiyo vitu hivyo vimezuia bei isishuke, havikuipandisha. Ungekuwa hujaviweka, ningevikata kama nilivyokata cheni. Bampa za pembeni nakubali kwamba zina maana kidogo kwa mtu anayekwenda kufanya bodaboda. Kuhusu redio na lile kava la kiti la chui, Mwalimu, ningekushauri uviondoe kimya kimya ubaki navyo, maana Hamisi ameniuliza kama unaweza kumpunguzia bei kwa ajili ya lile kava.

Nililinganisha pia na soko, ili usidhani nimeota namba. Za umri kama wa yako zilizofanya bodaboda, wenyewe wanataja 1,500,000 hadi 1,600,000, na biashara hufungwa chini ya hapo. Zilizotumiwa na mtu binafsi zinatajwa hadi 1,900,000, na nazo haziuzwi kwa hiyo. Bei ya kutaja si bei ya kufungia, na mtu anayekusanya bei za kutaja peke yake ataona mali yake ni dhahabu. Nadhani ndivyo ulivyoipata ile 2,200,000, au ulikuwa na sababu nyingine ambayo nitaigusa sasa hivi.

Sababu yenyewe ni kwamba ulikuwa tayari kumpa kwa mafungu, akulipe kutokana na mapato yake ya bodaboda ya kila wiki. Hapo mmechanganya vitu viwili na ndiyo maana hamwelewani. Mtu anayechukua pikipiki kwa mkataba hulipa zaidi ya bei yake, na ni haki, kwa sababu mwenye mali anasubiri fedha yake na anabeba hatari ya chombo kupotea au kuanguka kabla deni halijaisha. Lakini bei ya mkataba huwezi kumtajia mtu mwenye taslimu, wala mwenye kutaka mafungu asitegemee bei ya taslimu. Pendekezo langu, nikiongeza na kidogo cha zile bampa, ni 1,650,000 kama analipa yote siku moja. Akitaka mafungu, iwe 1,850,000, atangulize nusu, kadi ibaki kwako mpaka amalize, na muandikiane mbele ya wakili. Msitegemee kwamba mnajuana. Kujuana ndiko kunakoharibu mikataba ya namna hii, kama tulivyoona kwa Sospeter na yule mjomba wake, lakini hayo tuyaache.

Kadi ndiyo sehemu ambayo sitaki mzembee. Namba ya chasi na namba ya injini zisomwe kwenye chuma na zilinganishwe na kadi, herufi kwa herufi. Deni la faini za trafiki liangaliwe kwa namba ya usajili kwenye mfumo wa polisi, na kama lipo ulilipe wewe. Zamani tungehangaika pia na malimbikizo ya ada ya mwaka ya chombo, ila ile ilifutwa mwaka 2017. Uhamisho wa umiliki ufanyike TRA mara malipo yatakapokamilika, kila mmoja na namba yake ya mlipa kodi (TIN), kwa sababu pikipiki ikibaki kwa jina lako na Hamisi akamgonga mtu, askari watabisha hodi kwako. Gharama za uhamisho mgawane kwa maelewano. Mimi ningezipeleka zaidi kwa mnunuzi.

Nimemweleza Hamisi pia kwamba namba ya pikipiki yako ni ya njano, ya binafsi, na yeye anataka kubeba abiria. Itabidi apate leseni ya LATRA (mamlaka ya usafiri wa ardhini), bima ya biashara na namba nyeupe. Alitaka gharama hizo nazo zikatwe kwenye bei yako, nikamkatalia. Kazi anayokwenda kuifanya ni uamuzi wake. Chombo hakipungui thamani kwa sababu mnunuzi ana mipango. Alinuna, lakini hakuwa na jibu, na kutoka 1,300,000 amekwishapanda mwenyewe hadi 1,500,000 bila mimi kumsukuma sana.

Kwa hiyo mmebaki na tofauti ya laki moja na nusu kati ya neno lake na pendekezo langu. Kama injini itawaka vizuri ikiwa baridi, sioni sababu ya wewe kushuka chini ya 1,650,000 hata senti moja. Kama itatoa moshi, mwite fundi ambaye si rafiki yako wala hajatumwa na Hamisi, ataje gharama ya kuitengeneza, na mkate kiasi hicho hicho.

Sasa nijibu haya, tena kwa ukweli wa kirafiki. Je, injini imewahi kufunguliwa, na kama ndiyo, ni nani aliyeifungua na alibadilisha nini? Oili ulikuwa unamwaga kila baada ya kilometa ngapi? Chasi imewahi kuchomelewa baada ya ile ajali ya darajani, au ilikuwa ni taa na bampa tu? Kadi halisi unayo mkononi, au bado iko kule SACCOS kama dhamana ya mkopo? Na kama bado iko huko, deni limebaki kiasi gani, na Hamisi anajua? Halafu wewe utakuwa ukienda shuleni kwa chombo gani baada ya kuiuza, au ndiyo uhamisho wako wa kazi umekubaliwa na hujatuambia?

Hamisi anataka kupanda basi Ijumaa ijayo. Nimemwambia asikate tiketi mpaka nipate jibu lako la suala la kadi.

Wako katika udugu,
Rajabu