"Mmenipunja mboji": kabla hujasema hivyo, pima tuta

Sisi tunauza mboji, yaani mbolea ya taka za sokoni zilizooza, na lalamiko linalotufikia kuliko yote ni hili: "Nimemwaga viroba vyote na tuta halijajaa. Mmenipunja." Majuzi limekuja tena, safari hii kwa ujumbe wa sauti wenye maneno makali, basi tumeona tuandike. Atakayeuliza tena tutamtumia hii.

Aliyetuma ujumbe huo ni dada wa Tegeta, ana tuta la matofali: urefu mita 4, upana mita 1.2, kimo sentimita 40. Alichukua viroba 10, akamwaga vyote, mboji ikamfika juu kidogo ya kifundo cha mguu. Kiroba chetu kinaingia madebe matatu ya lita 20, na tunapima mteja akiwa amesimama pale pale. Kwa hiyo alipata lita 600. Tuta lake linameza lita 1,920, yaani madebe 96. Lingejaaje?

Lakini nani kakwambia tuta linajazwa mboji tupu? Tuta jipya la kuinuliwa tunachanganya fungu moja la mboji kwa mafungu mawili ya udongo wa juu. Theluthi ya madebe 96 ni madebe 32, na yeye alikuwa nayo 30. Alichopungukiwa ni udongo, na udongo sisi hatuuzi. Mboji tupu inaendelea kuoza na kushuka, na msimu ukiisha utakuta nyanya zako zimezama shimoni.

Kwa tuta la kawaida la ardhini hesabu ni nyepesi. Mita moja ya mraba ikifunikwa kwa kina cha sentimita 1 inakula lita 10, nusu debe. Basi. Udongo wa kichanga wa Kigamboni unaopandwa mara ya kwanza tunashauri sentimita 5, maana yake madebe mawili na nusu kwa kila mita ya mraba, kisha unachanganya kwa jembe. Tuta la mita 1 kwa 10 linataka madebe 25. Misimu inayofuata sentimita 2 zinatosha. Ukishamwagilia itashuka kidogo, hiyo ni kawaida yake. Usitupigie simu usiku.

Wapo wanaosema jirani anauza kiroba cha kilo 50 na chetu hakifiki hapo. Sawa. Mboji ikimwagiwa maji inakuwa nzito, na unaponunua kwa kilo unalipia maji ya bomba. Ndiyo maana tunauza kwa debe. Ya kwetu ukiifinyanga kiganjani inashikana, ukiigusa kwa kidole inaachia. Ikichuruzika maji, usiinunue, hata kama ni ya kwetu.

Na bei, ndiyo, ni kubwa kuliko samadi ya bure. Taka tunazitoa sokoni, nyingi ni za ndizi kutoka Mabibo, na humo mna vizibo vya soda, vijiti vya mishikaki na mifuko ya plastiki iliyochanika vipande vidogo vidogo. Zote hizo huokotwa kwa mkono. Lundo linageuzwa, linaachwa lichemke, linageuzwa tena, linapoa, ndipo linapita kwenye chekecheke. Anayetaka ambayo haijachekechwa tunampunguzia, ila akikuta kizibo asituletee.

Ujanja unaogharimu watu ni wa kununua nusu ya mboji na kujazia kinyesi cha kuku wa nyama kikiwa bado kibichi na maranda yake. Mzee mmoja mteja wetu wa siku nyingi alifanya hivyo kwenye mchicha. Harufu ya amonia ilikuwa inafika barabarani. Miche iliungua kingo za majani, mingine haikuota kabisa, na iliyopona ikawa ya njano kwa sababu maranda yanapooza yanavuta naitrojeni (chakula cha majani) ya udongo. Akalipa kibarua kukwangua, akanunua mbegu upya, akarudi kwetu kuchukua mboji ile ile aliyoikwepa. Kinyesi cha kuku ni mali, lakini kiozeshe kwanza.

Ukiagiza, tupe urefu, upana na kina, na useme umepima kwa mita au kwa futi. Hatua za miguu hatuzikubali. Kuna mteja alitaka madebe 120 kwa tuta la "12 kwa 4", kina sentimita 5. Kabla ya kupakia kirikuu tulimuuliza, 12 nini? Kumbe futikamba ya fundi wake ilikuwa ya futi. Tulimpelekea madebe 11.