Usiirudishe hiyo sona

Ndugu yangu Hamadi,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata na picha zako nimezirudia mara tatu. Unasema picha za alasiri zimeharibika, na unashuku tope au ubovu wa sona, hicho chombo chako kinachopiga picha chini ya maji kwa mwangwi wa sauti. Usiirudishe kwa muuzaji, haina ubovu wowote. Shida iko kwenye maji.

Tope unalisingizia tu. Wimbi la sauti ya sona yako, la kilohezi 900 (mitetemo laki tisa kwa sekunde), majini lina urefu wa milimita 1.7 hivi, na chembe za tope ni ndogo mno mbele yake, kwa hiyo sauti hupenya hata pale kamera inapoona giza tupu. Labda liwe zito kama uji.

Hebu itazame tena ile picha ya saa tisa alasiri. Ukingo wa nje una mistari inayojipinda kama shuka lililoanikwa penye upepo, na lile tairi ulilolinasa asubuhi na kivuli chake, hata tundu la katikati likionekana, limegeuka doa. Umeniandikia kwamba jua lilikuwa kali na maji yametulia kabisa. Basi ndiyo hayo! Maji ya juu yamepata moto, ya chini yamebaki na ubaridi wake. Sauti hukimbia zaidi penye joto, na njia yake hupinda kuelekea penye baridi, yaani chini, ikagonga sakafu kabla ya kufika ulikoitaka. Wanamaji wa Marekani walihangaika na jambo hilihili miaka ya 1930: sona zilisikia vizuri asubuhi, alasiri zikawa viziwi. Ishushe sona mpaka ipite tabaka la joto, picha itatulia.

Halafu kwenye mipangilio ya sona, kasi ya sauti umeiacha kwenye mita 1,500 kwa sekunde. Hiyo ni ya baharini. Maji yasiyo na chumvi yenye nyuzi 20 ni kama 1,482, kwa hiyo kitu kilicho mita 50 kitasomeka mita 50.6. Kwa mtafuta tairi si neno, ila kwa mpima ukuta wa bwawa ni balaa.

Adui ninayemchukia mimi ni mapovu. Kiputo kidogo kuliko punje ya mchele kinarudisha mwangwi kwa ukali usiolingana na umbo lake. Yale mawingu meupe kwenye picha ya mpito wako wa tatu ni povu la rafadha yako mwenyewe. Uligeuza boti ukapita palepale. Usione haya. Mimi niliwahi kuzunguka saa nzima nikikifuata “chombo kilichozama”, kumbe najifukuza mwenyewe.

Siku ukienda baharini, usitegemee kuona mbali kama hapo. Magnesiamu salfeti iliyoyeyuka kwenye maji ya chumvi inakula nguvu ya sauti.

Kesho, kabla jua halijapanda, shusha kipimajoto mita kwa mita, andika kila namba, kisha pita juu ya tairi lilelile. Rudia saa tisa. Nitumie vyote, na kitufe cha kuongeza nguvu usikiguse.

Nduguyo,
Rashidi