Barua kwa Mwanangu Mutua

Mutua mwanangu,

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu unanijibu "niko sawa mama," kisha ghafla mtandao unaanza kusumbua. Karatasi haina mtandao.

Dada yako ameniambia. Tangu ajali ile ya Salgaa hujapanda matatu, unatembea kwa miguu kutoka kazini, na lori likifunga breki usiku unajikuta umesimama katikati ya chumba. Yule mshauri nasaha ulimwona mara moja tu, ukasema huwezi kumsimulia mtu usiyemjua mambo unayojaribu kuyasahau. Sikukasirika. Maneno hayo niliyasema mimi kabla yako, kwa miaka tisa.

Unajua jicho langu liliondoka Agosti 7, 1998. Lilivyoondoka sijawahi kukusimulia hadi mwisho. Ilikuwa Ijumaa, kama saa nne na nusu asubuhi, nami niko ghorofani kwenye jengo la Co-operative, jirani na ubalozi wa Marekani. Kwanza tulisikia mlipuko mdogo. Tukafanya walichofanya watu wengi siku hiyo, tukakimbilia dirishani kuchungulia. Ndipo bomu lenyewe likaja, na vioo vyote vikaingia ndani. Nairobi walikufa watu zaidi ya 200, na waliopoteza macho walikuwa wengi kwa sababu hiyohiyo ya dirisha.

Baadaye tulikusanywa kwenye ukumbi fulani, kila mmoja aseme alichoona. Kila mtu akamwaga yake, tukapewa chai, tukarudi nyumbani tumebeba yetu na ya wenzetu. Nikaapa sirudi. Kanisani waliniombea, na maombi yalinishikilia nisianguke kabisa. Mpaka leo naomba. Lakini bodaboda ikipasua eksozi, mimi niko chini ya meza. Wewe ulikuwa mdogo, ulidhani ni mchezo, ukawa unakuja kujificha pamoja nami.

Mwaka 2007 ndipo nilipompata mama mmoja aliyewahi kufanya kazi na wakimbizi. Alitandika kamba sakafuni. Ncha moja ni siku niliyozaliwa. Upande wa pili akaiacha imeviringika, kwa ajili ya siku zisizokuja bado. Akanipa maua na mawe: ua kwa jambo jema, jiwe kwa lililoumiza, kila kimoja mahali pake kwenye kamba. Nilitegemea aanze na bomu. Akaanza na nyanya yangu.

Tulikwenda hivyo kila wiki, tukipita mwaka mmoja wa maisha yangu baada ya mwingine. Tulipofika kwenye lile jiwe kubwa akapunguza mwendo. Mezani palikuwa na nini? Nani alikuwa kushoto? Mkono wako ulikuwa wapi? Moyo ukianza kunipiga ananiuliza, na sasa hivi, humu chumbani, unasikia nini? Yote aliyaandika, na wiki iliyofuata akanisomea, nami nikamsahihisha. Sikufichi, wiki za kwanza niliota vibaya kuliko zamani, na nilitaka kuacha.

Sasa sikiliza. Miaka yote tisa niliamini kwamba mwenzangu wa meza ya pili alikufa kwa sababu mimi ndiye niliyemwita dirishani. Kichwani mwangu siku ile haikuwa na mwanzo wala mwisho. Ilikuwa vioo, kisha sauti yangu ikiita, kisha vioo tena. Tulipoipanga hatua kwa hatua, mara ya tatu au ya nne, nilimwona mgongo. Alikuwa ameshafika dirishani. Mimi nilikuwa nyuma yake, na niliita nikiuliza kuna nini. Nililia mpaka yule mama akafunga daftari lake.

Dada yako anasema unarudia sana habari ya kiti ulichobadilishana na yule kijana. Sitakwambia huna kosa. Mimi niliambiwa hivyo mara mia na hayakuingia. Ingefaa uipange safari ile tangu mlipotoka steji Nakuru, mbele ya mtu anayejua mahali pa kukusimamisha.

Mbinu hii ya kamba si ya wazungu wenye makochi tu. Ilijaribiwa katika kambi ya Nakivale, Uganda, kwa wakimbizi wa Rwanda na Somalia, na waliowasikiliza walikuwa watu wa kambini humo waliofunzwa kazi hiyo, si madaktari. Ipo pia ile ya kufuata kidole kwa macho huku ukikumbuka, aliyoianzisha Mmarekani Francine Shapiro mwaka 1987. Mwenzangu wa kwaya ilimfaa sana. Mimi mwenye jicho moja niliicheka, pengine kwa ujinga. Wewe una mawili, jaribu itakayokufaa. Mshauri wa kwanza asipokuelewa, tafuta mwingine. Hata fundi wa viatu tunabadilisha.

Usiku ukishtuka, gusa kitu na ukitaje, kisha taja tarehe kwa sauti. Mimi bado hufanya hivyo: hii ni sufuria, leo ni Jumanne, niko Machakos.

Jumamosi nakuja kwa basi la asubuhi. Kamba ile ninayo bado, nitakuja nayo. Mawe utayatafuta huko, kwani langu la Agosti ni zito na lina kazi: ndilo lile ulilozoea kuegeshea mlango wa jikoni.

Mama yako