Taya limeunga lakini mdomo haufunguki

Ndugu Mhariri, naomba nafasi kidogo niseme hili la mataya kuvunjika maana wanaopita njia tuliyopita sisi ni wengi, na wengi wao ni vijana wa bodaboda.

Mdogo wangu anaendesha boda hapa Morogoro. Mwezi wa pili jioni, mvua imetoka kunyesha, akaingia kwenye shimo pikipiki ikamrusha akatua na kidevu. Helmeti alivaa na mkanda alifunga, ila ni ile ya kukaa kichwani tu uso wote uko nje, kwahiyo kichwa kikapona taya ndo likabeba yote. Zahanati ya jirani wakamshona kidevu nyuzi nne, wakampa dawa ya maumivu akarudi nyumbani. Usiku ule ananiambia dada, meno yangu hayakutani, na huku mdomo wa chini kuna ganzi kama nimetoka kung'olewa jino. Tukadhani ni uvimbe tu utashuka. Kumbe hizo ndo dalili zenyewe jamani, meno kutokukaa yalivyozoea, ganzi mdomo wa chini, damu kuvilia chini ya ulimi, ukiona hata moja baada ya kuanguka au kupigwa usikubali kushonwa ngozi peke yake, omba eksirei.

Siku ya tatu tukaenda hospitali kubwa. Limevunjika sehemu mbili, kulia karibu na kidevu, na kushoto kule juu kwenye kifundo, pale mbele ya sikio ambapo ukiweka kidole ukafungua mdomo unasikia kinacheza. Dokta akatuelewesha kwamba ukitua na kidevu ule mshindo unapanda mpaka huko juu. Akapigwa nusu kaputi, wakapasua kwa ndani ya mdomo, nje hana kovu la operesheni kabisa, wakahakikisha kwanza meno ya juu na ya chini yamekutana kama zamani ndo wakafunga visahani viwili vya titaniamu, vile vibati vya kushikilia mfupa, na skrubu zake. Kwenye kifundo hawakupasua, wakamfunga meno kwa waya wiki mbili.

Hizo wiki mbili ni uji wa lishe na mtori uliosagwa kwenye blenda ukachujwa, vyote kwa mrija. Alikuwa analala na plaizi ndogo shingoni kwenye kamba, maana ukitapika mdomo umefungwa unaweza kupaliwa ukafa, na nesi alinionyesha mimi waya zipi za kukata kwanza. Kwa hilo nawashukuru sana.

Sasa ndo nafika kwenye kilio changu. Waya zilipotolewa tuliambiwa mfupa umekaa vizuri, nendeni, ale vitu laini. Basi. Hakuna aliyesema neno mazoezi. Sisi nyumbani kwa huruma tukawa tunamzuia hata kuongea, tulia mdogo wangu taya lipumzike, kumbe tunamharibu. Mwezi ukapita mdomo unafunguka kidole kimoja tu, kijiko kinaingia kwa ubavu, mswaki wa kawaida haupiti, na akifungua kidevu kinakimbilia kushoto upande uliovunjika.

Aliyetuokoa ni mama mmoja wa fizio, wale wa tiba ya mazoezi ya viungo, hospitali nyingine. Akamwambia weka vidole vyako vitatu vilivyosimama kati ya meno ya mbele, hapo ndo pa kufika. Akampa vile vijiti bapa vya kukandamizia ulimi, unavipanga unavipitisha kati ya meno, unakaa navyo kidogo, unatoa, unarudia, mara kadhaa kwa siku. Alianza na vijiti 9. Akachora mstari wa wima kwenye kioo kwa lipstiki, mdogo wangu anasimama pale asubuhi anafungua mdomo akifuatisha mstari ili kidevu kisikimbie. Yaani machozi yalikuwa yanamtoka. Baada ya wiki kumi akafika vijiti 20 na vidole vitatu vinaingia, ugali anakula, nyama anatafuna pande zote mbili.

Na kwa watoto ni mbaya zaidi, wazazi msikie hili. Mtoto akianguka na kidevu akashonwa kidonda tu, kifundo kikiwa kimevunjika bila kujulikana kinaweza kugandana na fuvu, mdomo ukafunga kabisa na uso ukakua umepinda.

Operesheni tulichangiwa mpaka na kijiwe chake kizima. Naomba hospitali zetu, mgonjwa wa taya asiruhusiwe kabla yeye na ndugu yake hawajaonyeshwa mazoezi na kupewa tarehe ya kurudi kupimwa mdomo umefunguka kiasi gani. Hata kama mtu wa fizio hayupo, nesi wa wodi anaweza kuonyesha hivyo vijiti kwa dakika kumi.

Dada wa dereva boda,
Morogoro