Zuhura, usinunue hiyo dawa kwanza

Tabata, Dar es Salaam

Shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi, na mama mpe shikamoo yangu. Picha za maboga yako nimeziona, majani yamejaa unga mweupe. Ile dawa uliyotajiwa dukani ni ya kuua wadudu, na wewe huna shida ya wadudu. Utatoa pesa, unga utabaki palepale, nyuki watakufa.

Sugua jani kwa kidole. Unga ukitoka, ni ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu. Usipotoka, na weupe wenyewe ni wa kama fedha kwenye makutano ya mishipa, hayo ni maumbile tu. Kuna aina za maboga huzaliwa hivyo. Ukiona madoa ya njano yenye pembepembe na chini ya jani kuna ukungu wa kijivu, huo ni ubwiri vinyoya, na tiba yake si hii nitakayokueleza. Kwako nasema ni ubwiri unga, kwa vile umeanzia majani makongwe ya chini.

Watu hudhani kila ukungu huletwa na mvua. Huu huota hata juu ya jani kavu, mradi hewa iwe na unyevu, na mvua kubwa huuosha. Ndiyo maana hapa Dar hutuandama wakati wa kipupwe, mvua hakuna lakini usiku una umande, na vibustani vyetu vimebanwa na kuta upepo haupiti. Wajomba zako wa Newala waulize: ubwiri wa jamii hiyohiyo ndio unaokausha maua ya mikorosho yao, na ndio wanaoupulizia salfa, ule unga wa njano wa kuua ukungu.

Najua salfa umeshaifikiria. Inafanya kazi, sikatai. Lakini joto likipita nyuzi 30 huunguza majani, na jamii ya maboga na matango ni laini. Tena huwadhuru nyigu wadogo sana wanaotaga ndani ya vidukari (wale wadudu wadogo wanaofyonza majani) na kuwaua, pamoja na utitiri wanaowinda utitiri waharibifu. Halafu mkorosho hakuna anayechuma majani yake akayaunga nazi! Sisi jani lenyewe ndilo mboga.

Kwa hiyo anza na mkasi. Kata majani yaliyojaa unga, yatie kwenye mfuko polepole bila kuyatikisa, ila usiuache mmea uchi. Punguza mashina yaliyosongamana. Mbolea ya urea acha kwa sasa, maana huleta majani teketeke, na ubwiri unayapenda hayo.

Kisha maziwa. Usicheke. Mwaka 1999 mtafiti wa Brazil, Wagner Bettiol, alichapisha majaribio yake ya maziwa ya ng'ombe dhidi ya ubwiri unga kwenye zukini, aina ya boga linaloliwa likiwa changa, zilizopandwa ndani ya kitalu nyumba, na yalipozidi asilimia 10 yalifanya kazi sawasawa na dawa za dukani. Changanya kikombe 1 cha maziwa na vikombe 9 vya maji, chuja, pulizia juu na chini ya majani mara moja au mbili kwa wiki. Fanya asubuhi jua likiwa limetoka, na maua uyakwepe. Maziwa yakizidi uzito yananuka, na paka wa jirani watakuja kukutembelea.

Mafuta ya mwarobaini nayo yanasaidia, ila hayo weka jioni, saa 11 na kuendelea. Ua la boga hufunguka alfajiri na kufumba kabla ya adhuhuri, kwa hiyo jioni nyuki wameshaondoka. Mafuta yakimpata mdudu mwenye ngozi laini humziba pumzi, awe rafiki au adui. Wala usiyachanganye na salfa, utaunguza kila kitu.

Ulilalamika viboga vichanga vinanyauka na kudondoka. Mara nyingi hilo ni la nyuki kukosekana: boga lina ua dume na ua jike mbalimbali, bila wa kubeba chavua, ile poda ya ua dume, hakuna boga. Na wale wadudu weusi wenye madoa ya machungwa, wamekaa kama vimamba vidogo, tafadhali usiwaponde! Ni watoto wa kale kadudu kekundu ka mviringo kenye madoa meusi, na wanamaliza vidukari kuliko sabuni yako. Wapo hata wa ukoo huohuo, wa njano, wanaokula ubwiri wenyewe. Ukipiga sumu, hao ndio wa kwanza kufa, na vidukari hurudi kabla yao.

Jani lililokwisha kuwa jeupe halirudi kuwa kijani, usilisubiri. Tazama yale machanga ya kwenye ncha. Yakibaki safi, ujue unashinda. Jumamosi navuka na pantoni ya asubuhi, niwekee matembele, na hicho kichupa cha kupulizia ukioshe vizuri kama kiliwahi kutiwa dawa ya mbu.

Wako,
Mwajuma